Fundi Asiyekaa Juu ya Kiraka Chake

Rumonge, 14 Septemba 1969

Ndugu Mhariri,

Amahoro. Sisi wazima, ndagala wapo ziwani, na gazeti lenu limetufikia salama likiwa limefungiwa sabuni kutoka Kigoma.

Humo nimesoma kwamba siku zijazo vyombo vya angani vitaundwa na kutengenezwa huko huko juu na mikono ya chuma, mhandisi mwenyewe akiwa amekaa duniani anaiamuru. Mimi ni Swedi, fundi wa boti kwa miaka thelathini. Nimekasirika, na sababu ninazo.

1. Chombo kibovu huvutwa nchi kavu. Watu huitwa, huvuta, huimba, hupikiwa ugali. Kikitengenezwa kikielea, majirani watakula wapi?

2. Kwetu fundi akishaziba tundu, safari ya kwanza hukaa juu ya kiraka chake mpaka Kigwena na kurudi. Akilowa, kazi inarudiwa na anachekwa mpaka Idi. Huyo mhandisi atalowa nini? Mkono uko juu, makalio yako chini!

3. Mteja wangu Casimir ameshaharibika. Juzi kaniambia, "Muzee Swedi, dunia iko na fundi ya chuma sasa, wewe unangoja nini?" Akinihama yeye, Rumonge nzima itanihama, na mimi bila boti si mtu. Naogopa, nasema wazi.

4. Kwa hiyo naomba serikali zote zikubaliane: mhandisi apandishwe angani, akalishwe juu ya kiraka. Akikataa, chombo kisiondoke. Na mkono wowote unaofanya kazi kwa amri ya mtu aliyekaa pembeni upigwe marufuku, angani na ziwani, tangu Kabezi hadi Nyanza-Lac.

Wasalimie wapiga chapa wote, wake zao, na hata huyo mwandishi wa habari za anga, ingawa kanivurugia wiki nzima.

Ni mimi, mwenye hasira na heshima,
Fundi Swedi

N.B. Ndugu Mhariri, baba ameenda kuswali. Mimi ni Mwamini, bintiye, niliyemsomea gazeti na kumwandikia barua hii, maana macho yake hayaoni vizuri huu mwaka wa pili. Tangu hapo boti zote naziba mimi, ndani ya ua wetu, naye hukaa kwenye kigoda akiniamuru: kulia, kushoto, gonga. Casimir hajui. Kwa hiyo hilo la nne, tafadhali, msilichape. Siku ya safari baba hupanda mwenyewe na kukaa juu ya kiraka changu, na mpaka leo hajalowa.