Yah: Wazee Kuzidi Kwenye Njia ya Mbio za Baiskeli

Bertilla, Mama Flavian,
Kijiji cha Pito,
14 Julai 1975

Kwa Ndugu Katibu,
Kamati ya Mbio za Baiskeli za Saba Saba,
Sumbawanga.

Ndugu Katibu,

Natumaini barua hii itakukuta mzima, na kama huko ofisini kwako kunavuma upepo kama huu wa hapa Pito, natumaini itakukuta umevaa sweta. Mimi ndiye mama mzazi wa Flavian, yule kijana mrefu wa namba saba aliyetoka wa nne. Najua unamkumbuka. Hata wasiomjua siku ile waliulizana, huyu ni wa nani, na mimi nilikuwapo kuwajibu.

Haya nayaandika mwenyewe. Nilifika darasa la nne kwa masista, na kisomo cha watu wazima nimekimaliza mwaka jana. Cheti kipo, kimetundikwa juu ya kitanda, na mgeni akija nyumbani huwa namwomba aingie mpaka chumbani akakione. Ukiona doa kwenye karatasi usidhani nimelia. Ni mafuta ya kupikia.

Sasa nije kwenye shida. Mkoa wetu ni mpya, hata meno hayajaota, na kamati yako ilitangaza kwamba watatu wa kwanza ndio watakaouwakilisha kwenye mbio za Mbeya mwezi wa kumi. Wa nne anabaki nyumbani na mama yake. Nampenda mwanangu akiwa nyumbani, lakini miguu ile, Ndugu Katibu, Mungu hakuiumba kwa ajili ya kupeleka mahindi mashineni tu.

Kuhusu milima sina neno. Tangazo lililobandikwa kwenye mlango wa ghala la kijiji lilisema njia ni kilomita thelathini na mbili, kutoka mjini, kupitia Pito, kupanda mpaka ukingoni panapoonekana Ziwa Rukwa, na kurudi kwa upande wa Kizwite, "milima na mabonde yenye mandhari ya kupendeza". Nililisoma nikacheka. Nilipokuwa na mimba ya Flavian nilipanda mlima ule kila Jumapili kwenda misa, kwa hiyo yeye alianza mazoezi miezi tisa kabla ya wenzake. Malalamiko yangu ni mengine, nayo ni haya:

1. Wazee ni wengi mno njiani. Huku kwetu Ufipa mtu hamsalimii mkubwa wake akiwa juu ya baiskeli, kama jogoo juu ya paa. Anashuka, anailaza baiskeli pembeni, anachuchumaa, anapiga makofi taratibu, anatoa salamu, anaulizwa habari za nyumbani, anajibu, naye anauliza. Flavian nilimfundisha hivyo kwa mdomo, na pale mdomo uliposhindwa, kwa mwiko. Zamani isingekuwa tabu. Kila mlima ulikuwa na mzee wake mmoja, tena amekaa ndani ndani huko, unampita bila yeye kujua wala wewe kupata dhambi. Lakini ilipokuja Operesheni ya kuhamia vijijini, wazee wote mmewaleta barabarani. Sasa wamepangwa mlango kwa mlango kama magunia yanayongoja lori, na siku ya Saba Saba walitoa na viti nje. Flavian alishuka mara kumi na tisa. Mlimpa namba ya mbio za baiskeli, akaenda kukimbia mbio za magoti.

2. Hao wazee wenyewe hawakupewa maelekezo yoyote. Mzee Zenon hasikii vizuri, kwa hiyo salamu yake ni mara mbili, na ya pili ni kwa sauti ya kuita ng'ombe. Bibi Stefania yeye anasikia vizuri sana, ndiyo maana aliwaulizia kaka na dada wa Flavian mmoja mmoja kwa majina. Nimezaa watoto tisa. Hapo nakubali kosa kidogo ni langu, ila wakati nawazaa kamati yako ilikuwa haijaundwa, na hakuna aliyenionya.

3. Huyo kijana Asajile aliyepewa nafasi ya tatu. Mama yake ni jirani yangu, mlango kwa mlango, na chumvi tunaazimana. Kwa hiyo usifikiri naandika kwa chuki. Lakini Asajile alipita Pito yote bila kukanyaga chini. Alipoingia kijijini aliinua mkono mmoja akasema, "Shikamooni wote," akamaliza. Wazee kumi na tisa, shikamoo moja. Nilipomuuliza baadaye alinijibu kwa adabu kabisa kwamba katika nchi ya ujamaa mali inagawanywa sawa, basi na salamu nayo wagawane. Jibu lake lilichelewa. Nimelipata jana nikipalilia bustani: shikamoo ni kama mke wa mtu, haifanywi ya kijiji. Naomba jibu hilo liingizwe kwenye kumbukumbu za kamati.

4. Mandhari yenyewe. Pale ukingoni mlimweka Mwalimu Marselino kushika bendera na kuandika namba za wapitao. Mwalimu Marselino ndiye aliyemfundisha Flavian kusoma. Mlitegemea nini? Kijana akashuka, akachuchumaa. Na mwalimu, kwa kuwa hakuna mwingine aliyesimama tangu asubuhi, alifurahi, akamshika mkono akamsogeza penye jiwe ili amwonyeshe ziwa. Ukungu ulikuwa umeondoka. Alimwonyesha upande ambako babu zetu walishuka kufuata samaki, akamwonyesha njia waliyopandia na mizigo kichwani, kisha akamwonyesha ziwa lote kutoka mwanzo mpaka mwisho, na lile ziwa, Ndugu Katibu, ni refu. Sisemi liondolewe. Naelewa ni mali ya taifa. Nasema tu kwamba kama kamati ilitaka watu wakimbie, isingewapitisha mahali pazuri.

5. Hili ndilo kubwa. Kwenye kona ya Kizwite, mita mia mbili tu kabla ya mstari wa kumalizia, alisimama mwanamke mmoja wa makamo, amejifunga khanga mpya, amesogea mpaka barabarani. Flavian alishuka kwa ajili yake pia. Yule mwanamke akamshika hapo muda wa kutosha kuchemsha maharage. Akamuuliza habari za nyumbani. Akamuuliza kama ng'ombe amezaa. Akamuuliza kama amekula. Wakati anajibu la ng'ombe alipita wa kwanza, kwenye la kula alipita wa pili, na alipokuwa anasimama kukung'uta vumbi magotini akapita Asajile. Jina la mwanamke huyo ninalo, lakini silitaji kwa sababu ana watoto.

Kwa sababu hizo naomba kamati itende haya yafuatayo:

(a) Mwakani, siku ya mbio, wazee wote wa kando ya barabara warudishwe milimani kwa siku moja, kila mzee mlima wake wa zamani. Gari la kijiji lililowaleta bado lipo, ingawa halina betri.

(b) Kama (a) haiwezekani, basi kila mshindani alazimishwe kushuka, na kwenye kila nyumba kumi, mjumbe wake asimame na daftari akiandika nani ameamkia na nani amepita. Asiyefikisha shikamoo kumi na tano asihesabiwe kuwa amefika, hata kama amefika.

(c) Kama (b) nayo ni ngumu, basi wazee wenyewe wapewe baiskeli. Wote wakiwa juu, hakuna wa kumshukia mwenzake.

(d) Mwalimu Marselino asimame akiwa ameipa barabara mgongo.

(e) Yule mwanamke wa Kizwite aonywe kwa maandishi, na siku ya mbio afungiwe ndani tangu alfajiri.

(f) Flavian ahesabiwe kuwa wa tatu na apelekwe Mbeya. Sweta ya kwendea nimeshaanza kuifuma. Mkono mmoja umekwisha, na sijawahi kufuma mkono mzuri kama huo. Ule wa pili unaingoja kamati.

Nisifikiriwe kuwa mama mwenye kujisifia watoto. Hapa kijijini kila mtu atakwambia Bertilla hapendi kujisifu, na asipokwambia, mwulize mara ya pili. Nasema tu yaliyo kweli: kijana wangu ana adabu, na adabu yake imemfanya awe wa nne katika nchi inayosema utu ni msingi wa mambo yote. Mkimwacha nyumbani na kumpeleka aliyewagawia wazee shikamoo moja, mtakuwa mmewafundisha watoto wetu nini? Na mimi ule mwiko nitauweka wapi?

Nakutakia kazi njema, na Mungu akujalie magoti yasiyouma. Wasalimie wote hapo ofisini, karani, tarishi na yule dada wa kupiga chapa, msalimie mke wako na watoto, na mama yako kule Mbeya. Mwambie mama yako kwamba shikamoo hii nimeitoa nikiwa nimeshuka kitini.

Ni mimi, mama mwenye uchungu uliopoa kidogo,

Bertilla, Mama Flavian

Nyongeza: Ndugu Katibu, nilipomaliza kuandika nilimpa Flavian aisome barua hii anirekebishie maandishi. Alisoma polepole mpaka mwisho, kisha akaniuliza, "Mama, mbona yule mwanamke wa Kizwite hujamwandika jina?" Akanirudishia kalamu. Nami siwezi kumchapa kwa kusema kweli, kwa sababu nalo hilo nilimfundisha kwa mwiko uleule.

Basi mwanamke yule ni mimi.

Habari za nyumbani nilikuwa nazijua. Uji tulikunywa pamoja asubuhi ile, na ng'ombe alizaa mbele ya macho yangu tangu mwezi wa tano. Lakini Mama Asajile alikuwa amesimama kando yangu, na tangu saa tatu alikuwa akinisimulia habari za mwanawe Asajile na baiskeli yake ya breki mbili. Ndipo Flavian akachomoza peke yake kwenye kona, vumbi mpaka kwenye nyusi. Alikuwa wa kwanza, Ndugu Katibu. Baada ya wazee kumi na tisa, baada ya Mzee Zenon mara mbili, baada ya ziwa zima, alikuwa bado wa kwanza, na nyuma yake barabara ilikuwa tupu mpaka kwenye miti. Wazee hawakumpunguzia kitu. Nilijua kwamba nisiposogea atanipita, na Mama Asajile hatauona hata uso wake. Nikasogea. Akashuka. Aliponichuchumalia alinong'ona, "Mama, niko kwenye mashindano." Nikamwambia, "Najua, mwanangu, nami nimekuja kuyaangalia. Ng'ombe amezaa?" Akanijibu.

Kwa hiyo namba moja mpaka namba nne nimezifuta. Sikuweza kuandika upya kwa kuwa karatasi za daftari zimekwisha. Wazee wabaki walipo, wamehamishwa vya kutosha. Asajile aende Mbeya. Flavian ameshampa pampu yake na tairi la akiba tangu juzi bila kuniuliza, na huo mkono wa sweta nitautafutia mwenzake, kwa sababu nimeupima, unamtosha Asajile.

Namba tano ibaki. Ila kunifungia ndani msijaribu, nitatokea dirishani. Naomba kitu kidogo tu, ambacho hata chokaa nitaleta mwenyewe: mwakani njia iwe ileile, na mstari wa kumalizia uchorwe pale kwenye kona ya Kizwite, mbele ya miguu yangu, ili mtoto akishuka kunisalimia awe ameshafika.