Maji ya Kupigwa Picha

Kwa furaha isiyo na kifani, Kamati ya Hadhi ya Taswira iliwatangazia wakazi wa mtaa wa mabanda wa Gatwekera kwamba mwelekezi wa filamu kutoka Polandi, Bwana Zygmunt Walczyk, angekuja kuwapiga picha, na kwamba kuanzia Jumatatu kiu ilikuwa imesitishwa.

Utekelezaji alikabidhiwa Shiundu, naibu mratibu, mtu aliyeamini kwa dhati kwamba shida isiyoonekana kwenye kamera ni shida iliyotatuliwa. Mfereji wa pale ulikuwa mkavu tangu uzinduliwe. Shiundu akaleta lori la maji, akaficha paipu nyuma ya mabati, mfereji ukamwaga kwa heshima zote.

"Mkubwa," akauliza Eddah, mama wa mandazi, "haya maji ni ya kunywa ama ni ya kuangalia tu?"

"Ni ya kimkakati, mama. Tabasamu."

Mzee Walczyk akachungulia kamerani, akatikisa kichwa. "Mwangaza mbaya. Kesho tena."

Kesho yake lori likarudi. Mawingu yakakosea. Keshokutwa, mtungi wa njano ulikuwa wa njano kupita kiasi. Wiki nzima Gatwekera ilifua, ikaoga, ikajaza hata sufuria. Wakubwa walimpigia Shiundu kila asubuhi kuuliza kama nchi imeshapendeza.

Hatimaye mzee akalalamika. "Lori linanguruma, sauti inaharibika. Hamna bomba la kweli?"

Bomba la kweli lilikuwa kwenye mchakato miaka nenda miaka rudi. Likalazwa kabla ya Ijumaa.

Maji yalipotoka, mzee akafunga kamera.

"Filamu inatoka lini?" Shiundu akauliza, akinyoosha tai.

"Hakuna filamu. Kamera haina betri."

Akaeleza taratibu. Ujanani, huko kwao, maafisa walitia lami popote alipoelekeza kamera. Tukio moja la filamu alilirudia kulipiga mpaka barabara ikafika kwa mama yake. "Wakosoaji hawakunipenda kamwe. Lakini kijiji chetu kina daraja, zahanati na taa."

Shiundu akachomoa simu. Akawapigia wakubwa: maji yakatwe, sasa hivi! Wakubwa wakaketi, wakajadiliana, wakagundua kwamba kuyakata kungehitaji tangazo, na tangazo lingekiri kwamba awali hayakuwapo, ilhali ripoti zao zote zilisema yanatiririka.

Bado alikuwa amesimama pale, simu sikioni, Eddah alipomgusa bega.

"Mkubwa, kama huteki maji, songa. Watu wako kwa laini."