Kila Mpira Upitie kwa Kapteni

Jumatatu, 8 Julai 1968. Burumba.

Nimeduwaa! Leo nimetangaza sheria mpya ya timu: kila mpira upitie kwanza kwa kapteni, yaani mimi, fundi cherehani Japheth, ndipo utupwe kwenye ringi. Hata makofi sikupigiwa. Emukule, yule mfupi wa kupakua mananasi sokoni, akauliza eti, na kapteni akiudondosha? Watu wakacheka hadi machozi. Nani kasema nadondosha? Jana jua liliniingia machoni.

Jioni nikakutana na Ali, kapteni wa Malaba. Akaniita mdomo mtupu. Mimi! Hasira zikanipanda, nikaweka dau: Jumamosi, atakayeshindwa ang'oe ringi yake ampelekee mwenzake. Ringi yetu ni chuma cha pipa tu, kimepigiliwa kwenye nguzo nyuma ya duka la Mzee Yahya, lakini Burumba nzima hakuna nyingine. Wenzangu sijawaambia. Kapteni haombi ruhusa.

Jumatano, 10 Julai.

Wamejua! Ali alipita sokoni akitangaza. Oriokot, mchezaji wetu mpole ambaye sijawahi kusikia sauti yake ikipanda, alinifokea mbele ya wateja. Eti chuma alipinda yeye, nguzo alibeba yeye na Emukule, na jioni zao zote ni hapo. Mimi nilishika nini? Nikamjibu, nilishika wazo. Hakuridhika. Mke wangu Truphena, ambaye huuza mananasi hapo hapo, akasema, Baba Petronilla, ringi ikienda Malaba na wewe utaifuata. Mke wa ndoa kabisa!

Haidhuru. Nina dawa. Pale mpakani na Uganda kuna lori limezuiliwa, karatasi za mzigo zina kasoro. Tanboi wake, yaani utingo, Mutua, ni mrefu ajabu. Akisimama anagusa ringi! Amekubali kucheza. Tunacheza wanne wanne, kwa hiyo nimemtoa Bwire. Bwire amesema sawa, akaenda zake kwao Budalang'i. Watu wengine hawana moyo wa timu.

Ijumaa, 12 Julai.

Mutua hajawahi kushika mpira maishani. Haya! Urefu haufundishwi. Nimemshonea fulana kwa kitambaa cha pazia alichoniletea mteja wangu, Mama Hadijah. Nitamrudishia. Yangu nimeiandika KAPTENI mgongoni, kwa uzi mwekundu.

Jumamosi, 13 Julai.

Mzee Yahya alipuliza filimbi, Mutua akasimama chini ya ringi kama mlango, Ali hapiti. Tukawa mbele! Nikaanza kupungia watu mkono. Ghafla, honi. Honi ya lori! Karatasi zimekubaliwa! Mutua akatazama barabara, akanitazama, akasema pole boss, akanitupia mpira na kutoka mbio. Katikati ya mechi! Pazia la Mama Hadijah limeenda Uganda. Mpira nao, jua likaniingia machoni. Malaba wakafunga. Wakafunga tena. Nikaiona ringi yetu tayari ikienda Malaba.

Mara namwona Truphena anajifunga leso kiunoni. Anaingia uwanjani! Nikapiga kelele, wanawake hawachezi. Mzee Yahya akasema yeye anahesabu watu wanne, nguo haimhusu. Ali akacheka. Hakucheka tena. Kumbe Truphena, Emukule na Oriokot hutupiana mananasi kila asubuhi kutoka kwenye lori, mimi nikiwa bado kitandani, na anayeangusha nanasi analinunua. Shika! Peana! Shika! Mpira haukugusa ardhi. Nilisimama peke yangu nikilia kapteni niko hapa, kapteni niko hapa. Sikuletewa hata mmoja. Truphena akatupa wa mwisho, ukaingia.

Ringi imebaki! Oriokot aliikumbatia nguzo akalia waziwazi. Umati ukambeba Truphena, ukambeba Emukule. Mimi nilibeba viatu vyao.

Jumapili, 14 Julai.

Baada ya kanisa wamepiga kura. Kapteni ni Truphena! Hata Bwire amerudi, amesamehe watu wote isipokuwa mimi. Nimeombwa kufumua uzi mwekundu. Aliyeniomba ni mke wangu, tena kwa upole, na hapo ndipo nilipoumia kweli. Akaniambia, Baba Petronilla, kesho amka mapema uje sokoni, ushike mananasi mawili matatu nasi, mkono utazoea.

Jumatatu, 15 Julai.

Naandika kwa jicho moja. Usiku kucha niliwaza, nikagundua siri ya ushindi wetu. Wale watu vipaji wanavyo, wanachokosa ni uongozi! Nikaamka mapema, nikapanda juu ya kreti pale sokoni, nikatangaza sheria mpya: kila nanasi lipitie kwanza kwa msimamizi, yaani mimi. Nilitarajia ubishi. Emukule hakubisha. Akasema sawa mzee, shika.

Pua imevimba hadi jicho limeziba. Truphena ananikanda kwa maji ya moto, anacheka hadi beseni linamwagika. Acheke tu. Hajui jua la asubuhi pale sokoni lilivyo kali.