Redio ya Mkwe na Dakika Zangu Tisa

Jumapili, 4 Ramadhani

Redio imenitia aibu tena. Ilikohoa, ikakoroma, ikanyamaza kabisa wakati adhana ya Omdurman inatarajiwa. Nikaipiga kofi. Kimya. La pili, ikazinduka katikati ya adhana. Wanaume thelathini kwenye mikeka walinitazama kama mpishi aliyesahau chumvi.

Niandike hapa, nisije nikafa watu wakasahau. Tangu nistaafu upimaji wa gundi ya migunga pale mnadani, kazi yangu mtaani hapa El Obeid ni moja. Ramadhani tunatandika mikeka nje, kila nyumba inaleta sinia, redio yangu inakaa katikati. Adhana ya magharibi ya Omdurman ikitoka, hakuna anayegusa kitu, kwa sababu kule jua linazama kabla ya huku kwetu. Natazama saa yangu, nahesabu dakika tisa, nainua mkono. Hapo Dafallah, mwadhini wetu, anaadhini kizingitini mwa msikiti na mtaa mzima unafuturu. Dakika hizo tisa ni zangu. Hata imamu ananyamaza.

Sasa kaja huyu Tajelsir. Muuza vitambaa wa Omdurman, kahamia nyumba inayotazamana na yetu mwezi uliopita. Ana redio mpya, nyembamba, namba zake zinawaka kijani, na ina waya wa kuchomeka sikioni. Leo nimepima kwa miguu. Mkeka umesogea hatua tatu kuelekea mlango wake.

Nimeamua. Redio mpya, kubwa kuliko yake.

Mke wangu Sitana kakataa. Redio hii ni zawadi ya marehemu baba yake, na maadamu inatengenezeka itatengenezwa. Ila fundi akisema imekufa, basi, atauza mbuzi wake mweusi tununue nyingine. Kisha akarudi kukoroga mchuzi. Hajui mlango alionifungulia.

Jumatatu, 5 Ramadhani

Asubuhi kwa Bishara, fundi wa redio, sokoni. Kaifungua. Ndani tumekuta mende mkavu, ganda la tende na vumbi la gundi la miaka yangu yote ya kazi. Bishara kapuliza, kachungulia, kasema si kitu. Uzi wa kuvuta mshale umelegea, na swichi ya masafa inataka kusafishwa. Kazi ya saa moja. Ikitoka hapo itawazika wajukuu zangu.

Habari mbaya sana.

Nikamsogelea. Nikamweleza kwa upole kwamba mimi sihitaji itengenezwe, nahitaji tu aseme imekufa. Aseme mbele ya Sitana, kwa uso wa huzuni. Bishara kaweka bisibisi chini.

"Mzee Babikir, mimi nimefunga. Unataka niizike ikiwa hai, niharibu na swaumu yangu? Njoo baada ya Idi."

Baada ya Idi ina faida gani? Nimeikwapua redio bila kutengenezwa na kuondoka. Siku hizi hakuna tena mafundi wenye moyo wa kusaidia watu.

Jumanne, 6 Ramadhani

Mpango mpya, na huu hauhitaji mtu mwingine. Mtungi wetu wa maji unavuja tone tone kwenye kigae chake uani. Baada ya daku nimeisogeza redio pale chini, kama kwa bahati mbaya. Nimelala usingizi mtamu.

Nimeamshwa na Sitana. Kaikuta, kapiga yowe dogo, kaitoa betri, kaianika juu ya ukuta. Jua la Kordofan halina mchezo. Kufikia alasiri ilikuwa kavu kama ngozi ya mbuzi. Kairudishia betri.

Ikaongea! Tena vizuri kuliko jana. Maji yameosha vumbi. Imenasa mpaka kituo cha mbali cha watu wanaozungumzia theluji. Sitana kafurahi, kasema baba yake daima alinunua vitu vya maana, akanitazama wakati akisema hivyo.

Jumatano, 7 Ramadhani

Furaha ya jana imekwisha jana hiyo hiyo. Leo imerudi kukoroma. Mkeka, hatua tano. Vijana wote wamekaa upande wa Tajelsir kutazama zile namba za kijani.

Na ana adabu, hilo ndilo linaloniudhi zaidi. Leo, adhana ilipotoka kwenye redio yangu na mimi nikaanza kuhesabu, kaniinamia taratibu kuniuliza, ami, kwani tunangoja nini? Ningeweza kumweleza. Lakini mtu hagawi kazi yake kwa mpinzani. Nikamjibu kwa sauti nzito kwamba redio hii ina mambo yake, yeye mgeni, atazoea. Karudi kukaa mahali pake. Nilijisikia vizuri mpaka nilipomaliza bakuli la pili.

Alhamisi, 8 Ramadhani

Nianze mwanzo.

Adhuhuri, Bishara akiwa msikitini, nimeingia kibandani kwake nikaiweka redio kwenye lile rundo la redio zilizokufa, chini kabisa. Nikarudi nyumbani. Nikamwambia Sitana kwamba redio ya baba yake iko kwa fundi, imelazwa pamoja na maiti. Uongo uko wapi hapo? Kila neno ni kweli. Sitana akafuta macho kwa ncha ya shuka lake, akasema basi, Jumamosi mbuzi ataenda mnadani. Nilisikia uchungu, sikatai. Ukapita. Nikaenda kulala nikiota redio yenye namba nyekundu.

Alasiri likaja vumbi. Ukuta mwekundu kutoka kaskazini, mbingu yote ikageuka rangi ya matofali. Jua halionekani, kivuli hakionekani. Tukatandika hivyo hivyo, tumefunika masinia kwa makawa, vilemba mpaka puani. Mkeka ukatandikwa mlangoni kwa Tajelsir kabisa. Redio ilikuwa moja tu, yake, na kwa sababu ya upepo kaisikiliza kwa ule waya, peke yake. Hakuna aliyeniomba nihesabu. Hakuna hata aliyeuliza redio yangu iko wapi. Nikakaa mwisho wa mkeka, nimenuna, nikaapa sifungui mdomo.

Tajelsir kachomoa waya sikioni na kusema, "Tayari, jamaa. Bismillahi."

Nikatazama saa. Tayari gani? Hiyo ni adhana ya kwao ndiyo kwanza imetoka! Lakini wenzangu walidhani ameshahesabu kimya kimya. Mikono thelathini ikaenda kwenye tende. Dafallah akainuka kwenda kuadhini. Akipaza sauti yule, mtaa mzima utafungua kabla ya jua kuzama, na kila mmoja, mpaka wazee na wajawazito waliojikaza kutwa, siku yake imepotea na atailipa.

Sasa niandike ukweli, kwa kuwa daftari hili halisomwi na mtu. Moyo wangu ulicheza. Nilimwona Tajelsir akirudi Omdurman na redio yake kwapani, na mkeka ukirudi mlangoni kwangu, hatua zote. Nilichotakiwa ni kunyamaza tu. Nilinyamaza. Mbaya zaidi, mkono wangu nao ulikuwa umeshachukua tende kwa mazoea, ikawa katikati ya meno.

Nilitaka kusema. Naapa nilitaka. Nilikuwa karibu.

Sauti ikatoka nyuma ya ukuta wetu, upande wa wanawake.

"Wekeni tende chini! Dafallah, rudi! Dakika tisa bado!"

Sitana. Na nyuma ya sauti yake, safi bila kikohozi hata kimoja, adhana ya Omdurman. Redio yangu!

Tende thelathini zikarudi siniani. Nami nikaitoa yangu mdomoni. Ilikuwa na alama za meno pande zote mbili, lakini sikumeza hata utamu wake. Nikatema mate, nikatema tena. Nikasimama, nikainua saa, nikatangaza kwamba nilikuwa ndiyo kwanza nataka kusema hivyo hivyo. Nikahesabu. Dakika ya tisa nikainua mkono, Dafallah akaadhini, na sijawahi kula tende tamu kama ile, ingawa ilikuwa ile ile.

Hakuna aliyefungua mapema. Hata mmoja. Nimesali rakaa mbili za shukrani, nikaongeza mbili kwa ajili ya kile kimya.

Ijumaa, 9 Ramadhani

Sitana kaniambia yote akikata vitunguu, bila kupandisha sauti, na hiyo ndiyo sauti yake ya hatari. Jana alikwenda kwa Bishara kuichukua maiti, maana hakutaka redio ya baba yake ichinjwe vipuri. Kaikuta mezani, Bishara anaisafisha. Fundi kaiokota kwenye rundo, kaijua, kafikiri nimebadili nia nikaona haya kusema, na yale ya Jumatatu kamsimulia Sitana yote. Uzi mpya, swichi safi. Saa moja, kama alivyosema.

"Baba Huda," kasema Sitana, "maiti wako kafufuka. Mbuzi wangu haendi popote."

Nikangoja aende kumwambia mke wa imamu. Hakwenda. Nimechungulia mlangoni mara nne, hakwenda. Hatamwambia mtu! Nimepumua mpaka tumboni. Kuanzia leo redio inakaa kwake, upande wa pili wa ukuta. Adhana ikitoka anagonga sufuria kwa mwiko, mimi nahesabu, nainua mkono. Mkono bado ni wangu. Nimeridhika.

Jioni Tajelsir kaja na sinia la nyama kuomba radhi mbele ya watu. Maskini. Kumbe alidhani dakika zile tisa ni ugonjwa wa redio yangu, kwamba ni kongwe, inachelewa kupata moto, na kwamba redio mpya haihitaji kungojewa. Watu walicheka mpaka wakashika mbavu. Kasema mimi mwenyewe nilimwambia ina mambo yake. Sikumbuki vizuri. Nimemsamehe kwa sauti ya kusikika mpaka msikitini. Sijui watu hutoa wapi mawazo kama hayo.

Mkeka umerudi mlangoni kwetu. Nimepima.

Jumamosi, 10 Ramadhani

Mambo shwari. Redio inaimba, mbuzi anakula maganda, mkono wangu unangojewa na mtaa mzima. Nimshukuru Mungu, sina tena haja ya redio mpya.

Ila jana, wakati nahesabu, nimeona kitu. Tajelsir kavaa saa ambayo namba zake zinawaka. Kijani. Kijana mmoja aliyekaa karibu naye aliitazama hiyo, si yangu.

Saa yangu ni ya zamani mno. Kioo kimekwaruzika. Nimemgusia Sitana. Kasema nilipewa na kaka yake siku ya arusi yetu, na maadamu inatembea itatembea.

Nimeiweka chini ya mtungi. Matone yanashuka vizuri.