Muhuri wa Ofisi ya Kiingereza Sahihi

Mwaka 2018 wakazi wa Bwera, mji wa Uganda ulio mpakani na Kongo, walitangaziwa neema kubwa kwa kipaza sauti: mji umefunguliwa Ofisi ya Kiingereza Sahihi. Kuanzia siku hiyo kila barua ya kuripoti mali iliyopotea ingekaguliwa, maana ilibainika kuwa wananchi huandika "loose", yaani kilicholegea, wakitaka kusema "lost", yaani kilichopotea. Taifa haliwezi kusonga mbele na vitambulisho vilivyolegea.

Karani Syahuka, aliyetoka chuo juzijuzi, aliliamini hilo kwa moyo wote. Kilichomuuma ni kumwona Yayeri, muuza chumvi, akirudishwa mara ya tatu.

"Mama, umeandika kitambulisho kimelegea," alisema mkuu wa ofisi, Bwana Tumukunde, akipapasa muhuri ndani ya koti. Hakumwachia mtu muhuri ule. Hata kulala alilala nao. "Rudi Alhamisi."

"Mukubwa, si unajua ilipotea! Ijumaa ni soko. Bila barua ya muhuri, pale mpakani hawaniachi nipite. Watoto watalamba chumvi?"

"Lugha kwanza, mama."

Alhamisi Tumukunde aliingia ofisini uso umemshuka. Jana yake alikuwa ameshuka garini njia panda ya Kikorongo kununua gonja, zile ndizi za kuchoma, na mfuko wa koti ukamsaliti. Aliandika ripoti kwa Kiingereza kilichonyooka, akamkabidhi karani.

Syahuka aliisoma mara mbili. "Mzee, lugha ni safi kabisa. Ila haina muhuri."

"Muhuri ndio uliopotea, wewe!"

"Naelewa, mzee. Lakini kanuni ya tatu, uliyoiandika mwenyewe, inasema barua isiyo na muhuri ni karatasi tu. Na ya nne: mwenye muhuri ndiye ofisi."

Yayeri alikuwa wa kwanza kwenye foleni. Naye jana yake alitoka Kabatoro, kwenye ziwa la chumvi, kuchukua mzigo, akabadilisha gari palepale Kikorongo. Alitia mkono mfukoni, akatoa muhuri, akaupuliza maganda ya gonja, akaigongea barua yake, makosa yake yote yakiwemo.

Syahuka alisimama, akampisha kitini. Kanuni ni kanuni.

Yayeri aliichukua ripoti ya Tumukunde.

"Muzee, mufuko ilikuwa imelegea?"

"Ilikuwa imelegea, mama."

"Na muhuri?"

"Umepotea."

"Hapana. Muhuri iko hapa. Barua yako iko na makosa." Akamrudishia. "Rudi Alhamisi."

Kisha akafunga ofisi mapema. Kesho yake ilikuwa soko.