Shukrani ya Mama na Kikwembe cha Mapapai

Marafiki, leo nimeumbuka kanisani, tena mbele kabisa, nikiwa na mtoto wa watu mkononi na kipaza sauti mdomoni. Naandika haraka kabla ndugu zangu hawajawasimulia wao kwa chumvi zao.

Tuanze na mama. Mama yangu analima viazi Kipese. Mwaka jana, wakati wa mvua, aliteleza shambani na mfuko mzima mgongoni, kamba ya kuubebea ikiwa bado kwenye paji la uso. Mguu ukavunjika vibaya. Walimpasua, akalala miezi, akalishwa, akaogeshwa, yeye ambaye hajawahi kukubali hata kubebewa ndoo. Siku moja nilipiga magoti kando ya kitanda chake nikamwambia Mungu: mama akisimama tena, mimi Masika, mtoto wake wa kwanza, nitamshika mkono mpaka mbele ya kanisa na nitatoa ushuhuda kwa mdomo wangu mwenyewe. Wagonjwa wote wa chumba kile walinisikia. (Nilipaza sauti kusudi.)

Na mama akasimama! Lakini haachi fimbo, wala haendi popote bila mkono wa mtu. Daktari alisema mguu umepona. Woga ndio uliokuwa haujapona. Kwa hiyo tulipanga hivi: leo Jumapili, kwenye ibada ya shukrani, mimi nimshike kulia, mdogo wangu Kambale kushoto, twende naye polepole mpaka mbele.

Huku kwetu familia haishukuru bila sare. Wote mnavaa kikwembe kimoja, yaani kitenge cha aina moja, ili Mungu na majirani waone vizuri nani anashukuru. Kazi ya kuchagua nilijipa mimi, kwa sababu mwenye jicho katika familia ni mimi. (Nilisema mwenyewe.) Nikachagua kikwembe cha bluu chenye mapapai makubwa ya rangi ya machungwa, yamekatwa katikati, mbegu zote zinaonekana. Muuzaji pale sokoni Butembo aliniapia:

"Mama, hii dessin ya mapapai iko moja tu. Butembo muzima hakuna mutu mwingine atavaa hii."

Nikaamini. Mimi, mzaliwa wa Butembo, nikaamini kiapo cha mfanyabiashara wa Butembo!

Leo asubuhi nimetoka Beni, ninakoishi, kwenda kanisani kwa mama, nimevaa mapapai yangu, na kuku wa sadaka kwapani. Njiani gari likapata pancha. Kambale, ambaye huniita yaya kwa kuwa mimi ni dada yake mkubwa, akapiga simu.

"Yaya, uko wapi? Culte ya shukrani imeanza!"

"Niko karibu!"

(Sikuwa karibu hata kidogo. Dhambi ya kwanza ya leo.)

Nilipofika, kanisa zima lilikuwa limesimama linaimba. Nikaingia kwa mlango wa pembeni, vumbi hadi kwenye kope. Nikaona nini? Mapapai! Mstari mzima wa mapapai unacheza kuelekea mbele. Roho ikanipasuka: wameanza bila mimi! Nikajitupa katikati yao.

"Pardon, pardon! Mimi ndiye wa kwanza!"

Baba mmoja akanitazama sana. Nilidhani ananishangaa kwa jinsi nilivyopendeza. Mama mmoja aliyekuwa anatokwa jasho akageuka, akaniwekea kichanga mkononi.

"Unisaidie kidogo, nifunge kikwembe muzuri."

Kwetu ukipewa mtoto unapokea, huulizi ni wa nani. Nikafikiri ni wa mmoja wa wadogo zangu. (Wanazaa kwa kasi, nimeshindwa kuwafuata.) Mama sikumwona, lakini nilijua Kambale yuko nyuma yangu amemshika. Sikugeuka kuhakikisha. Nilikuwa nacheza!

Tukafika mbele. Shemasi akapokea kuku wangu, akamweka pamoja na sadaka nyingine. Mchungaji akasema, "Mutu moja wa familia aseme neno." Kabla hajamaliza, nilikuwa nimeshamnyang'anya kipaza sauti.

"Bwana asifiwe!"

"Amina!"

"Munamuona huyu?" Nikarusha kidole nyuma, bila kutazama. "Alikuwa hatembei! Kulala tu! Kula, mupaka tumulishe! Kuoga, mupaka tumuogeshe! Hata kujigeuza kwa kitanda hakuweza!"

"Amina..." Ilitoka ndogo, yenye mashaka.

Nikasema hawajasikia vizuri. Nikaongeza sauti.

"Na mukojo, munisamehe, alikuwa anafanya palepale!"

Watu wote wanamtazama mtoto niliyembeba. Mtoto akapiga mwayo.

"Na leo, kwa nguvu ya Mungu, anatembea!"

Kwaya ndiyo iliyoanza kucheka. Mzee mmoja wa benchi la mbele akasema kwa masikitiko ya kweli, "Mais mama, ule mutoto mudogo hivi atatembea namna gani?"

Ndipo nilipogeuka. Mapapai yote, na hakuna sura hata moja ninayoijua! Yule baba aliyenitazama akaniinamia sikioni: "Mama, sisi tunashukuru juu ya mapasa." Mapacha! Wa pili alikuwa mgongoni kwa bibi yake, naye ananitazama.

Kanisa likaangua kicheko. Nikatafuta mlango, ukawa mbali. Na kule upande wa pili, nikaona benchi lingine limejaa mapapai. Familia yangu. Wameketi kwa adabu, wanangoja zamu yao, maana walikuwa wa pili. Kambale amejifunika uso kwa kofia.

Kisha mama akasimama.

Kambale akanyoosha mkono amshike. Mama akaupiga kofi. Akatoka kwenye benchi, akashika njia ya katikati, anachechemea, macho yote kwangu. Macho yale nayajua tangu utoto, na hayajawahi kuniletea heri. Kila benchi alilolipita, kicheko kilinyamaza. Akafika. Akachukua kile kichanga, akamrudishia mama yake kwa upole. Kisha akanishika sikio, akalivuta. Mimi, mama wa watoto wanne, mbele ya mchungaji!

Akachukua kipaza sauti kwa mkono wa pili.

"Munisamehe. Huyu ni wangu. Na ule mwenye hakukuwa anatembea ni miye."

Mama mwenyewe akageuka kutazama alikotoka. Fimbo yake ilikuwa kulekule, imeegemea benchi. Akaitazama fimbo. Akatazama miguu yake. Akaliachia sikio langu taratibu.

"Nyamuhanga, wasingya," akasema. Kinande chake cha shambani, cha kumwambia Mungu asante, kwa sauti ndogo kabisa.

Jamani, vigelegele! Nililia mpaka kamasi. Nimejivunia mengi katika maisha yangu, mengine hata hayakustahili, lakini leo nilijivunia kuwa mtoto wa mwanamke yule kuliko siku yoyote.

Baba wa mapacha, mtu mwenye haya, akamfuata shemasi ili nirudishiwe kuku. Mama akamkataza.

"Hapana, baba. Yenye imeshatolewa kwa Mungu hairudi. Ishukuru juu ya hawa batoto. Siye tunashukuru na miguu."

Kwa hiyo tukacheza upya, familia mbili pamoja, mapapai kutoka ukuta hadi ukuta, wala hakuna aliyejua nani ni wa nani. Mama alitangulia. Nilimpa mkono, kama nilivyoahidi. Akaukataa. Hiyo ahadi yangu Mungu ameifuta mwenyewe, kwa sababu niliapa kumpeleka mama mbele, na mama ndiye aliyenifuata.

Chekeni, nimewaruhusu. Yule muuzaji wa vikwembe tu ndiye nitakayemtafuta kesho. Ila mkikutana nami njiani mkaona sikio limevimba, mjue lilivutwa na mtu aliyekuwa hatembei. Hadi sasa linawaka, na silipaki dawa.