Mwendawazimu wa Ziwani

Leo nimejivua nguo mbele ya ukumbi mzima, kwa mdomo wangu mwenyewe. Nawasimulia mimi kabla hamjasikia kwa wengine, maana nusu ya Watanzania na Wakenya wa Brooklyn Park walikuwepo.

Kuna mama mmoja wa hapa Minnesota, mshairi na mwandishi wa riwaya. Nitamwita Karen. Aliendesha basi la shule miaka ishirini, akiandika mashairi, daftari likiwa juu ya usukani, huku akisubiri watoto watoke darasani. Riwaya yake ya kwanza ilikataliwa na wachapishaji mpaka akazoea. Ilipotoka alikuwa na miaka hamsini na tatu. Siku hizi anaalikwa vyuo vikuu, na bado anavaa koti lile lile la udereva.

Mama yake mzazi anaishi kwenye nyumba ya wazee ninakofanya kazi, Golden Valley. Siku moja nikiwa nabadilisha shuka za bibi, Karen akiwa ameketi pale na kitabu, nikajitosa. Nikamwambia mimi ni mfasiri. (Sijawahi kufasiri chochote zaidi ya barua za shule za watoto wa jirani.)

Akanipa shairi moja. Tungelisoma pamoja maktaba mbele ya watu, yeye kwa Kiingereza, mimi kwa Kiswahili. Likienda vizuri, angenipa riwaya nzima niifasiri. Ndugu zangu, kazi hiyo niliitaka. Miaka tisa nimegeuza wagonjwa vitandani, na si kwamba naidharau, lakini nilitaka siku moja jina langu liwe kwenye kitu kisichofuliwa kama sare.

Shairi linahusu asubuhi ambayo baba yake Karen alifariki, na loon aliyekuwa akilia ziwani. Loon sikumjua. Kamusi yangu ndogo niliyokuja nayo kutoka Moshi ikasema: mwendawazimu. Nikaridhika. Kumuuliza Karen ningeonekana sijui Kiingereza.

Basi mwendawazimu akalia ziwani. Mbele kidogo akatandaza mabawa. Binadamu hana mabawa, nikaandika mikono. (Nilijipongeza kwa busara hiyo.) Alikuwa na kiota, nikakifanya kibanda. Kisha akayakalia mayai mawili. Hapo nilisita. Nikanywa chai. Nikajiambia, sasa si ndiyo maana anaitwa mwendawazimu? Nikaendelea.

Leo mchana, baada ya ibada, tukajaa maktaba. Karen akasoma. Wazungu wakainamisha vichwa. Zamu yangu ikafika, na kwa kuwa nilikuwa nimejiandaa kweli kweli, nikatanguliza maelezo: "Shairi hili linatufundisha kuwapenda wagonjwa wa akili." Mama Mushi wa kwaya yetu akatikisa kichwa kwa huruma.

Nikasoma. Kwenye kibanda walitulia. Kwenye mayai mtu akakohoa. Nilipofika "akawabeba wanawe mgongoni, akaingia nao majini," Mama Mushi akasema kwa sauti, "Maskini, watoto."

Mzee Otieno akanyoosha mkono. Ni nesi mstaafu kutoka Kisumu, kazi yake sasa ni kuvua samaki tu.

"Madam, pole kwa kukukatiza. Huyo mwendawazimu, si ni ndege?"

"Ndege gani, mzee?"

"Loon ni ndege. Ako hapo nyuma yako."

Nikageuka. Ukutani palikuwa na picha kubwa kuliko mlango wangu. Ndege mweusi mwenye madoa meupe, macho mekundu, vifaranga wawili mgongoni. Chini yake imeandikwa kwamba ndiye ndege wa jimbo hili. Miaka tisa nimelipa kodi kwenye jimbo hili.

Ukumbi ukapasuka. Mama Mushi alicheka mpaka akashika kiti cha mbele.

Karen hajui Kiswahili. Alichokiona ni watu wanaochekea kifo cha baba yake. Akaniinamia, uso umemkauka.

"Wanacheka nini?"

Ningeweza kumwambia kwamba Kiswahili ni lugha yenye furaha. (Niliwaza hivyo, nakiri.) Lakini nikamweleza yote, mstari kwa mstari: mikono, kibanda, mayai. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Sawa," akasema. "Hiyo ni tofauti."

Aliyekaa Minnesota anajua. Mtu wa hapa akikuambia kitu ni tofauti, amekasirika kuliko mtu wa kwetu anayerusha sufuria. Nilitamani kutoka kwa mlango wa nyuma. Lakini nikajiona kesho niko na shuka zile zile, naye ameketi pale pale.

"Nipe robo saa," nikamwambia. "Nitalisoma upya."

"Watu watataka kwenda nyumbani."

"Hawaendi. Chapati bado hazijagawiwa."

Nikaketi na Mzee Otieno mezani, yeye akieleza, mimi nikiandika. "Mimi hu-drive mpaka ziwani kila wiki, namjua huyu. Anazama, anakaa chini mpaka unasahau kama alikuwepo. Halafu anatokea mbali, analia." Akaanza kumwigiza. Mkutubi akaja mbio kuuliza nani ameumia.

Jina lake la Kiswahili hatukulipata. Nikaandika "ndege mzamiaji." Nikamrudishia mabawa yake. Nikamrudishia kiota. Mayai yakapata mwenyewe.

Nikasimama tena. Nilisoma polepole mpaka mstari wa mwisho, ambapo ndege analia na hakuna tena wa kumwambia binti, msikilize. Hakuna aliyecheka. Mama Mushi akafuta machozi, safari hii kwa sababu inayoeleweka.

Watu walipoanza kula, Karen akanifuata na koti lake mkononi.

"Kwenye riwaya yangu ndege huyu yumo katika sura kumi na moja."

Nikajua nimeikosa kazi. Nikaanza kumwomba radhi.

"Sijamaliza," akasema. "Jumamosi, saa kumi na moja alfajiri, nakupeleka ziwani kwa mtumbwi ukamwone. Ukishamwona, tutaongea habari za riwaya."

Mimi sijui kuogelea. Maji yakinifika magotini naanza kusali. Nikamjibu nitakuja.

Kwa hiyo msinicheke. Mwenye jaketi la kuelea la saizi yangu (mnaijua) aniletee kabla ya Ijumaa.